Anaeli wa Bombo na Starta ya Kulwa

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za wiki. Saa hii ya Jumapili mchana huwa tunaitoa kwa mtu mmoja aliyetutoka. Mimi ni Dorkas, niko nanyi kutoka studio yetu ndogo hapa Same mjini. Kama uko jikoni, punguza moto ukae. Kama uko shambani na redio umeitundika kwenye mti, njoo kivulini kidogo.

Leo tunamkumbuka Mzee Anaeli wa Bombo. Alikuwa fundi wa ndege. Alifariki mwezi uliopita, akazikwa hukohuko Bombo, nyuma ya nyumba yake, karibu na mahali mfereji unapopita.

Nawaambia mapema, ili asiwepo wa kunilaumu baadaye. Habari ya leo haina mwisho mzuri. Nimekaa nayo siku nyingi nikitafuta pa kuwachangamsha mwishoni, sikupaona. Mzee Anaeli aliazimisha kitu kimoja. Kitu hicho ni starta ya injini ya ndege. Aliahidiwa kwamba itarudi baada ya wiki mbili. Akangoja. Maisha yake yote yaliyobaki aliishi akiwa mtu anayengoja kitu chake kirudi.

Basi twende naye taratibu, tangu mwanzo.

Anaeli alizaliwa Bombo mwaka 1958, mtoto wa kwanza wa Mzee Nathanaeli. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa maji. Kwa msikilizaji wa mbali niseme hivi: huku Upareni tuna ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kuchimbwa kwa mikono. Maji ya kijito yanajikusanya humo, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi mashambani. Kila nyumba ina zamu yake. Ndiva ikibomoka, pembe inapigwa, kila mtu anatoka na jembe lake. Hiyo kazi ya pamoja ndiyo msaragambo.

Na zamu ya maji huazimwa. Shamba lako likiwa bado lina unyevu, na la jirani linanyauka, unampa zamu yako. Zamu yake ikifika, anakurudishia. Hakuna anayeandika. Hakuna shahidi anayeitwa.

Mdogo wake Anaeli, Mzee Eliufoo, ndiye msimamizi wa maji pale Bombo mpaka leo. Nilimkuta akizibua mfereji kwa koleo. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, halafu akaniuliza kama hiyo mashine yangu ya kurekodia inaogopa matope. Nikamwambia inaogopa. Akasema, "Basi kaa kule kwenye jiwe, nitapaza sauti."

Akapaza sauti, akanieleza siku moja ya utoto wao. Ulikuwa mwaka wa jua kali. Baba yao alikuwa amemwazima jirani zamu ya maji. Jirani alichelewa kuirudisha, maana mgonjwa alikuwa ndani. Siku aliyokuja kuirudisha, maharage ya kina Anaeli yalikuwa yameshakauka. Yalikuwa yakishikwa yanavunjika.

"Baba akachukua jembe," alisema Mzee Eliufoo. "Akasimama pale maji yanapoingilia shambani. Akayafungulia. Kaka akamuuliza, 'Baba, maharage si yamekufa, maji ya nini tena?' Baba akamjibu, 'Ni zamu yetu, imerudi.' Maji yakaingia, yakazunguka kwenye mabua makavu, mpaka yakaisha. Baba akasema, 'Tumepokea.' Jirani akaenda zake."

Kwa watu wa mfereji ule, ndiyo desturi. Kilichoazimwa hurudishwa. Kilichorudishwa hupokelewa, hata kama hakina kazi tena. Ukikataa kukipokea, umemwacha mwenzako na mzigo wake.

Naomba mlishike hilo, wasikilizaji wapendwa. Anaeli alilishika, akaondoka nalo kijijini, na ndilo lililomponza.

Alikwenda Dar es Salaam kusoma ufundi. Akaanza na magari, akahamia kwenye ndege. Alisoma vizuri. Akajifunza ndege nyingi, lakini aliyoipenda ni moja.

Ndege hiyo ni Boeing 737, zile za zamani. Nami nimesoma kidogo habari zake ili nisiwapotoshe. Iliruka kwa mara ya kwanza mwezi wa nne mwaka 1967, huko Marekani, na mwaka uliofuata ikaanza kubeba abiria. Walioiunda hawakutaka ndege ya kuvuka bahari. Walitaka ndege ya safari fupi. Itoke mji huu, itue mji ule, ishushe, ipakie, iondoke. Ni ndege ya mwili mwembamba. Ina njia moja tu katikati, viti vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Marubani wakawekwa wawili, wakati ndege nyingine za siku zile zilikuwa zinahitaji watatu.

Na jambo moja lilimfurahisha sana Anaeli. Injini zilibanwa karibu kabisa na mabawa, na ndege nzima ikakaa chini chini. Fundi anasimama ardhini, ananyoosha mikono, anaifikia injini. Hahitaji ngazi. Mkewe, Mama Victoria, alinicheka nilipomuuliza kama mumewe alikuwa mrefu. "Mrefu? Anaeli? Alikuwa akisema, 'Wazungu waliishusha ndege hii ili nami niifikie.'"

Baadaye walitoa ile iliyorefushwa kidogo, ikaitwa 737-200. Ilisambaa dunia nzima. Ilitua kwenye barafu. Ilitua kwenye viwanja vya changarawe, ikifungwa kifaa cha kuzuia mawe yasiruke kwenye injini. Ilifanya kazi kuliko ilivyotarajiwa. Lakini ilikuwa na kelele. Ilikuwa na kelele kweli kweli, na mafuta ilikunywa. Mwaka 1988 wakaacha kuiunda. Viwanja vya nchi tajiri vikaanza kuikataa kwa hizo kelele. Ndipo nyingi zikashuka huku kwetu, zimeshatumika, zikaanza maisha mengine.

Mbili kati ya hizo zilinunuliwa na shirika dogo la binafsi. Shirika lenyewe halipo tena, na familia imeniomba nisilitaje. Ndege zile zilikuwa zimeundwa mwaka mmoja, zikafika mwaka mmoja, 1996. Mafundi wakaziita Kulwa na Doto, kama tunavyowaita mapacha. Mtaniwia radhi nikizitaja kama watu. Mafundi wenyewe ndivyo walivyozitaja.

Anaeli akapewa Kulwa. Rafiki yake Mbaraka, kijana wa Kileo, akapewa Doto. Wapare wawili, mmoja wa milimani kule Gonja, iliko Bombo, mmoja wa tambarare, na utani haukuwaishia. Mbaraka alikuwa akimwambia, "Nyie wa Gonja mkiazima maji mnarudisha. Sisi wa Kileo tukiazima tunahama." Anaeli anamjibu, "Ndiyo maana kwenu kila siku kuna mgeni."

Kulwa alifanya kazi. Dar, Mwanza, Kilimanjaro, Zanzibar. Alibeba bibi harusi na wagonjwa, alibeba majeneza, alibeba wanafunzi na mabegi yao. Kila jioni alirudi kwa Anaeli. Anaeli anasimama chini yake, ananyoosha mikono, anasikiliza injini ikipoa.

Sasa niwaambie ya Mama Victoria. Jina lake ni Beatha, mzaliwa wa Maore. Mume yuko Dar na ndege, mke yuko Bombo na shamba, wanaonana Krismasi na Pasaka. Beatha hakuwa amewahi kupanda ndege. Anaeli akamwahidi. Akamwambia, "Utapanda Kulwa. Utakaa dirisha la kulia. Tukielekea Kilimanjaro utaiona milima yote upande huo, utakiona kilele cha Shengena kwa juu, na mimi nitakuwa nimemkagua kwa mkono wangu."

Safari ya kwanza Beatha alifika mpaka uwanjani Dar. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mkoba mkononi. Ndugu wa wafanyakazi walikuwa wanapanda kama nafasi zikibaki, na siku ile ilikuwa imebaki moja. Akatokea mama mmoja anamfuata mtoto wake, mgonjwa sana, Moshi. Anaeli akamtazama mkewe.

"Alinitazama tu," Mama Victoria aliniambia. "Nikasema, basi mpe. Akasema, 'Tumwazime, Mama Victoria. Yako itarudi.'"

Mama Victoria akarudi Bombo kwa basi.

Safari ya pili haikutokea. Mwaka 2008 Kulwa aliingia kwenye ukaguzi mkubwa. Ndege ikifika umri fulani inafunguliwa, inatazamwa hadi mifupa. Akasimamishwa pembeni ya karakana, akisubiri vifaa. Mwezi uliofuata angeruka. Anaeli alishampigia mkewe simu ajiandae.

Ijumaa moja, Doto amejaa abiria, injini ya kushoto ikakataa kuwaka. Starta yake imekufa. Mnaijua starta. Hata kwenye pikipiki ipo. Ya ndege ile ni chuma kizito cha mviringo, ukubwa wa sufuria ya makande ya familia. Bila hiyo injini haizunguki, na bila kuzunguka haiwaki.

Mkuu wa karakana alikuwa Bwana Fredrick. Mbaraka alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia maneno yao kama yalivyokuwa.

Fredrick alisema, "Anaeli, mtoe Kulwa starta, tumpe Doto."

"Bosi, Kulwa anaruka mwezi ujao."

"Wiki mbili tu. Mpya iko njiani."

Mbaraka akaingilia, "Iko njiani inakuja kwa miguu?"

"Mbaraka, abiria wanapiga kelele mle ndani, na wewe unaleta mzaha."

Anaeli akajipangusa mikono. Akasema, "Tumwazime. Ni pacha wake."

Mbaraka akamvuta pembeni. Akamwambia, "Anaeli, kaka yangu. Hapa si kwenye ndiva."

Anaeli akamjibu, "Kwani hawa si watu?"

Akaingia chini ya Kulwa. Akaifungua starta kwa mkono wake. Kabla ya kuitoa akaipaka doa la rangi ya kijani, kama tunavyotia alama jembe siku ya msaragambo lisije likachanganyika na ya wengine. Doto akawaka. Doto akaondoka. Abiria wakashangilia.

Nilimpigia simu Bwana Fredrick, mzee sasa, amestaafu. Akasema, "Dada, siku ile nilikuwa nasema kweli. Mpya ilikuwa imeagizwa. Tatizo halikuwa siku ile. Tatizo lilikuwa kesho yake."

Kesho yake, wasikilizaji wapendwa, Doto alihitaji tairi. Kulwa alikuwa nalo. Wiki iliyofuata Doto alihitaji geji ya mafuta. Kulwa alikuwa nayo. Starta mpya ilifika kweli. Lakini ilipofika, injini ya kulia ya Doto ilikuwa inaihitaji zaidi, ikaenda huko. Na kila kitu kilichotoka kwa Kulwa kilitoka kwa neno lilelile. Tumwazime. Kitarudi.

Na Anaeli alikubali kila mara. Nilijiuliza sana kwa nini. Nikamuuliza Mbaraka. Akaniambia, "Kwa sababu alishatoa ya kwanza. Angeikataa ya pili, ingekuwa kama anasema ya kwanza haitarudi. Na hilo hakuweza kulisema."

Vikatoka vioo. Vikatoka viti, safu kwa safu. Ikatoka injini ya kulia nzima. Kulwa akainama upande mmoja, kama mtu aliyekatwa mkono.

Mama Victoria angeweza kumpanda Doto. Nafasi zilikuwepo. Anaeli hakutaka. Alimwambia, "Ukimpanda Doto nitakuwa nimemkana Kulwa." Na Mama Victoria naye, kwa mapenzi yake, akasema, "Nitamngoja Kulwa." Wakangoja wote wawili.

Mwaka 2012 shirika likafa. Doto akauzwa nchi nyingine, akaondoka na Mbaraka wake, na starta ya Kulwa ikiwa ndani yake. Kwenye kuagana Anaeli alimshika Mbaraka mkono. Hakumwambia safari njema. Alimwambia, "Ile ya kijani usiisahau."

Kulwa akabaki pembeni ya uwanja, kwenye majani, pamoja na Anaeli.

Wenzake walikwenda kutafuta kazi nyingine. Anaeli naye alipata kazi, karakana ya magari. Lakini asubuhi alipitia kwa Kulwa kwanza. Walinzi walimjua, wakamruhusu. Alitoa viota vya ndege kwenye mkia. Alifunika tundu la injini kwa turubai. Alimbembeleza dereva wa trekta amsogeze Kulwa kidogo, ili matairi yaliyobaki yasikalie upande mmoja. Mlinzi mmoja alimuuliza, "Mzee, hii unaipeleka wapi?" Akasema, "Popote itakapotumwa. Inangoja starta."

Kwa kweli ilikuwa inangoja kila kitu. Lakini yeye alitaja starta.

Mwaka 2019 ikatoka amri ya kusafisha eneo lile. Likaja katapila lenye mdomo wa kukatia. Anaeli aliitwa na yule mlinzi. Alifika, akasimama. Lile katapila lilimuuma Kulwa mgongoni kwanza, kisha mabawa. Ndege ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Iliisha kabla ya chakula cha mchana. Vipande vikapakiwa kwenye lori, vikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nilimuuliza Mama Victoria kama mumewe aliwahi kumweleza siku ile. Akasema, "Alirudi Bombo kesho yake na begi moja. Nikamuuliza, umekuja likizo? Akasema, 'Nimekuja.' Basi. Hakwenda tena."

Sasa Mzee Anaeli yuko kijijini. Na hapa wasikilizaji wapendwa nawaomba mnivumilie.

Masikio yake yalikuwa yamekufa. Miaka yote ile chini ya injini zile za kelele. Vifaa vya kuziba masikio vilikuwepo, lakini alipenda kuisikiliza injini. Pembe ya msaragambo ikipigwa, hakuisikia. Mama Victoria ndiye aliyemgusa bega. Anamgusa bega, anamwonyesha jembe, wanatoka.

Na ndege ikipita juu ya milima, hakuisikia. Mama Victoria aliisikia kabla ya wote. Anaacha anachofanya, hata kama ni unga uko mkononi, anakwenda alipokaa mumewe. Anamgusa bega. Anamwonyesha juu kwa kidole. Anaeli anainua uso, anaitafuta, anaipata. Anaitazama mpaka inapotea. Halafu anasema, "Si yenyewe." Kila mara alisema hivyo. Si yenyewe. Kulwa alishakatwa vipande mbele ya macho yake, na bado alisema si yenyewe.

Mzee Eliufoo alijaribu kumtoa huko. Alimwambia siku moja kwa kupaza sauti, karibu kumfokea, "Kaka, imekwisha! Haipo! Hata ikirudi hiyo starta yako utaifunga wapi?"

Anaeli akamjibu polepole, "Kwani baba alikuwa na maharage?"

Mzee Eliufoo akachukua koleo lake, akarudi mferejini.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Alishuka hospitali, akapanda, akashuka tena. Mwishoni akaomba asishushwe. Alifariki asubuhi, ndiva ikiwa imefunguliwa. Mama Victoria anasema mfereji ulikuwa unasikika kutoka ndani ya nyumba. Yeye aliusikia. Anaeli hakuusikia.

Na sasa nawaambia la Mbaraka.

Doto naye alikuwa amezeeka. Huko alikouzwa aliruka, akachoka, akasimamishwa. Mwaka huu wakaanza kumkata. Mbaraka alikuwa bado naye, mzee wa nywele nyeupe. Akawaendea wakubwa wa kule, akaomba chuma kimoja tu, kibovu, kisicho na faida kwa mtu. Wakamruhusu. Starta. Mkono wa fundi huyu na yule ulikuwa umeipitia miaka yote hiyo, lakini kwenye ukingo wake rangi ya kijani ilikuwa bado ipo, kama ukucha.

Mbaraka akarudi kwao Kileo. Hakupiga simu Bombo. Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu. Akasema, "Nilitaka nimwone uso wake."

Akaiweka starta kwenye gunia. Akapanda gari hadi Gonja, kisha pikipiki. Njiani alimwambia dereva wa pikipiki kwamba anakwenda kwa rafiki yake kumalizia utani wa zamani. Wakafika Bombo. Mbaraka akaliona turubai uani, na mabenchi, na wanawake wanapika kwenye masufuria makubwa.

"Nilidhani ni harusi," aliniambia. "Kwa muda mdogo sana. Nilidhani ni harusi."

Walikuwa wamemzika siku iliyotangulia.

Mbaraka alishuka na gunia lake. Hakujua pa kuliweka. Akamkuta Mama Victoria amekaa kwenye mkeka na wenzake. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akafungua gunia.

"Shemeji," alisema. "Ni ile ya kijani."

Watu wakasogea. Mzee Eliufoo aliitazama, akashika kichwa. Akasema, "Kaka hayupo. Ndege haipo. Ndege iliyoazima haipo. Hii inarudi kwa nani?" Mmoja wa majirani akasema tuizike naye, kaburi bado bichi. Mwingine akasema mchungaji aulizwe kwanza. Sauti zikawa nyingi.

Mama Victoria aliinuka. Akasema, "Imerudishwa. Itapokelewa."

Akamwambia Mbaraka aibebe. Wakatoka uani, Mama Victoria mbele, Mbaraka nyuma na kile chuma kifuani, na watu wakafuata. Wakateremka mpaka shambani, pale maji yanapoingilia. Msiba ulikuwa umewashika, hakuna aliyekuwa amechukua zamu. Maharage yalikuwa yamelala chini. Mama Victoria akasimama mahali aliposimama baba mkwe wake zamani. Akaipokea starta kwa mikono miwili. Nzito. Victoria, binti yake, akataka kumsaidia, akamzuia kwa kiwiko.

Akasema, "Tumepokea."

Mbaraka akalia. Mama Victoria hakulia. Aliishika mpaka Mbaraka akajipangusa uso, ndipo akaiweka chini, kwenye udongo mkavu.

Nilipokwenda Bombo wiki mbili zilizopita, starta ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na mlango. Kuku mmoja alikuwa amelala juu yake. Nilimuuliza Mama Victoria, kwa sauti ndogo, maana niliona aibu kuuliza, kama siku ile ilimpa nafuu yoyote.

Akafikiri. Akasema, "Hapana, mwanangu. Ilikuwa lazima ipokelewe. Mbaraka alikuwa anaibeba peke yake. Ila nafuu, hapana."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki tunatoa pole kwa Mama Victoria, kwa Victoria na ndugu zake, kwa Mzee Eliufoo na watu wote wa mfereji wa Bombo. Tunampa pole Mbaraka wa Kileo, aliyefika siku moja baada ya mazishi. Mungu ampumzishe Mzee Anaeli.

Nami nawaomba leo, kabla ya jua kuzama, kila mmoja atazame nyumbani kwake. Kuna kitu cha mtu hapo? Jembe, godoro, neno ulilosema utalitimiza wiki ijayo? Kipeleke. Kipeleke leo. Siwaahidi kwamba kitafaa. Cha Anaeli hakikufaa. Nawaomba tu kisimkute mwenyewe ameshazikwa.

Jambo la mwisho. Siku ile niliyokwenda Bombo, tulikuwa tumekaa kibarazani, Mama Victoria anachambua mchicha. Ndege ikapita juu, mbali, kuelekea Kilimanjaro. Niliisikia vizuri kabisa. Mama Victoria akaweka mchicha chini. Akanigeukia, akanigusa bega, akanionyesha juu kwa kidole.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Niliinua uso, nikaitafuta, nikaitazama mpaka ikapotea. Naye alikuwa ananitazama mimi, anangoja niseme kitu.